Maiti Isiyo na Mtoki

Panga la Mzee Ahamada bado liko juu, msomaji, na shingo ya Tadjiddine bado iko chini yake.

Chumba kimejaa watu na hakuna anayethubutu kukohoa. Kitandani, chini ya shuka jeupe, amelala Msa, mtoto wa pekee wa kiume wa mzee huyo, aliyekata roho alfajiri. Uani wamejipanga askari na madebe ya mafuta ya taa. Na kule langoni, pua kaifunika kwa kitambaa, amesimama Daktari Morvan, Mzungu aliyetangaza kwamba Msa kafa kwa tauni: maiti itolewe ikafukiwe kwa chokaa njia ya Belobaka, bila kuoshwa, bila kuswaliwa, na nyumba itiwe moto.

Yeye mwenyewe hakuingia ndani. Kamtuma mwanafunzi wake, Tadjiddine.

"Mguse," alisema Mzee Ahamada kwa Kingazija. "Mguse mwanangu kwa mkono huo, tuone kama utatoka nao."

Tadjiddine hakujitetea. Angejitetea kwa lipi? Alikuwa amevaa koti jeupe la hospitali, na Mahajanga mwaka ule koti jeupe lilichukiwa kuliko bunduki. Tauni ilikuwamo mjini kweli. Panya walifia mitaroni, na mtaa wa Mahabibo ulishapoteza nyumba nyingi kwa moto wa serikali. Watu hawakujua tena kipi cha kuchukia zaidi, ugonjwa au watu wa hospitali.

Na huyu mwenye panga alikuwa awe mkwewe! Harusi yake na Ramlati, binti wa nyumba hiyo, ilingoja jambo moja tu. Tadjiddine alishamaliza masomo yote ya udaktari kule Antananarivo. Kilichobaki ni mazoezi haya ya hospitali, kisha Morvan aseme neno jema mbele ya watahini, naye aitwe daktari.

"Baba, mwache aangalie," alisema Ramlati kutoka mlango wa chumba cha ndani.

"Wewe nyamaza! Huyu si mchumba wako tena. Huyu ni mbwa wa Morvan."

"Basi anza na mama wa huyo mbwa!"

Aliyesema hayo ni Bi Hadjira, mama yake Tadjiddine. Alikuwa amekuja kutoka kisiwa cha Nosy Be kwa ajili ya harusi, akafikia katika nyumba hii hii. Sasa alijipenyeza katikati ya panga na shingo ya mwanawe, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Nimekula chakula chako, Ahamada. Nimelala chini ya paa lako. Kama ni damu, chukua yangu, tumalizane."

Mzee alimtazama.  Panga likashuka taratibu, lakini halikutoka mkononi.

"Angalia," alimwambia Tadjiddine. "Lakini ukisema uongo juu ya mwanangu, mama yako hatakufaa."

Tadjiddine alilifunua shuka.

Alianza na kinena, mahali ambapo tauni hupenda kuweka mtoki, ule uvimbe wake. Hakuna kitu. Akapapasa kwapa zote mbili. Hakuna. Shingo ilikuwa laini. Lakini tumbo! Tumbo lilikuwa limewambwa kama ngoma, na upande wa kushoto, chini ya mbavu, ngozi ilikuwa na doa la damu iliyovilia, jeusi, lenye ukingo wa duara kama ncha ya kiatu. Akalifunua jicho. Ndani ya kope mlikuwa mweupe kabisa.

Aligeuka.

"Ramlati, nani alimwuguza?"

"Mimi."

"Alikuwa na homa?"

"Hapana. Alikuwa wa baridi. Jasho linamtoka, naye wa baridi, anaomba maji tu."

"Alikohoa?"

"Hata mara moja."

"Alisema anaumwa wapi?"

"Hilo ndilo lililonishangaza. Alilalamika bega. Bega la kushoto. Nikamwambia, kaka, wewe umepigwa teke la ubavu, bega linakuuma nini? Akasema hajui, lakini linamkata."

Tadjiddine alimsogelea.

"Teke? Teke gani?"

Watu walitazamana. Mzee Ahamada alicheka kicheko kibaya.

"Sasa ndiyo unauliza? Mzungu wako alisimama langoni, akasema tauni. Hakuuliza amelalaje, hakuuliza amekula nini. Nani alitaka tumwambie?"

Akasimuliwa. Msa alikuwa kuli bandarini. Jana yake gunia lilimponyoka begani likapasukia gatini. Ledoux, Mzungu msimamizi wa makuli, akamwangusha, na alipokuwa chini akampiga teke kwa kiatu chake cha ngozi. Wenzake walimleta nyumbani amejikunja. Kulipopambazuka hakuwapo tena.

Tadjiddine hakuhitaji kusikia zaidi. Pwani ile homa za malaria huwavimbisha watu bandama hadi iwe laini kama papai bovu. Teke moja likiipata, inapasuka. Damu inamwagikia tumboni kimya kimya, na maumivu yanapanda begani. Haya alifundishwa shuleni, juu ya maiti ya mtu asiyemjua. Leo alikuwa akiyasoma juu ya mwili wa shemeji yake.

Na Ledoux, mji mzima ulijua, alikuwa ameoa dada yake Morvan.

Alitoka nje.

"Umeshaifunga maiti?" aliuliza Daktari Morvan kwa Kifaransa.

"Bado, Bwana Daktari. Hana mtoki."

"Tauni ya mapafu haina mtoki. Umefundishwa nini kule shule?"

"Hakukohoa. Hakuwa na homa. Amepasuka bandama. Amepigwa teke."

Mtu asiyejua angeshtuka. Morvan hakushtuka. Alikiteremsha kitambaa puani, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni, na hapo Tadjiddine akajua kwamba daktari yule hakuwahi kuiogopa tauni ya nyumba hii hata kidogo.

"Nani kakuambia?"

"Mwili wake."

"Mwili!" Morvan alimsogelea, akamshika kifungo cha koti kama baba anayemweka mtoto sawa. "Nisikilize, kijana. Kule kwenu Nosy Be wanatafuta daktari msaidizi. Nimekutaja wewe. Utakuwa na nyumba juu ya kilima na mtumishi wako. Mama yako ataacha kuchuma maua ya watu. Au basi utarudi kijijini Ambatoloaka ukapae samaki, na hakuna mtahini atakayekumbuka jina lako. Neno langu moja tu. Chagua, maana jua linapanda."

"Na Msa?"

"Msa amekufa. Hachagui."

Tadjiddine alihisi mtu akimvuta mkono. Ni mama yake. Bi Hadjira alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya Wafaransa, na Kifaransa chao cha kuamrishana alikielewa vizuri kuliko walivyodhani. Alimvuta hadi ukutani.

"Kubali."

"Mama!"

"Kubali, nimesema. Unajua ilang-ilang inachumwa saa ngapi? Kabla jua halijaikausha. Unajua nimeamka na giza mara ngapi ili wewe ukae darasani? Marashi ya watu yameniingia hadi kwenye wali wangu, sasa siisikii tena harufu ya chakula. Na leo, bado mlango mmoja tu uingie, unataka kuupiga teke?"

"Aliyepigwa teke ni Msa, mama. Yeye ndiye aliyekupokea gatini. Alikubebea sanduku."

"Najua alinibebea!" Macho ya Bi Hadjira yalijaa machozi, lakini sauti haikulegea. "Najua, na nakwambia kubali. Ukweli wako hautamwamsha. Utakuua wewe tu."

Dirishani, Mzee Ahamada alikuwa amewaona: mwanafunzi na Mzungu kifua kwa kifua, kisha mama na mwana wakinong'ona.

"Tazameni!" alipaza sauti, watu wote wa nje wakamsikia. "Wanapatana juu ya mwanangu!"

Jiwe likatoka katika kundi la watu waliokusanyika njiani. Halikumkosa Tadjiddine. Lilimpata juu ya nyusi, damu ikamchuruzika hadi kwenye kola ya lile koti jeupe. Mtu akacheka. Mwingine akasema kwa Kimalagasi, "Limemfaa."

Tadjiddine hakujipangusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha vifaa, akatoa bomba la sindano, lile kubwa wanalotumia kudunga maiti za tauni ili kuzipima, akarudi ndani.

Morvan akatabasamu. Alidhani ameshinda.

"Sindano!" alipiga kelele Mzee Ahamada, na lile panga likapanda tena. "Humtobolei mwanangu! Hata akiwa maiti anaumia!"

"Baba," alisema Tadjiddine. Hakusema *mzee*, alisema *baba*, na kwa Kingazija cha nyumbani kwa mama yake. "Nipe mara moja tu, mbele ya macho yako. Nitakuonyesha kilichomwua. Ukinikatalia nitaondoka, na wao wataingia, na Msa atakwenda kwenye chokaa na jina la ugonjwa asiokuwa nao. Yule aliyempiga atalala usingizi mzuri maisha yake yote."

Mzee alimtazama damu ya usoni. Akamtazama mwanawe kitandani.

"Baba, mpe," alisema Ramlati. "Mimi nataka kujua."

Panga likashuka.

"Mara moja," alisema mzee, akageuza uso. Kisha akaurudisha. "La. Nitaangalia."

Sindano iliingia ubavuni, chini ya lile doa. Tadjiddine akavuta. Bomba likajaa damu nyeusi, nyepesi, isiyoganda, na alipoacha kuvuta bado ilikuwa inataka kuja.

"Tumbo la mtu halina damu hivi, baba. Tauni haifanyi hivi. Hiki ni kiatu."

 Mzee Ahamada alikaa chini sakafuni, panga mapajani, akaanza kulia kama mtu anayekohoa.

Tadjiddine alitoka na lile bomba hadi langoni, akaliinua juu mahali ambapo kila jicho lingeliona. Alisema kwa Kimalagasi, ili na wale askari waelewe.

"Hii imetoka tumboni kwa Msa! Hakuna tauni! Mtu huyu ameuawa!"

Jina la Ledoux lilisemwa na mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma kabisa. Likapokewa. Likapita mdomo hadi mdomo, likaifuata njia hadi mtaa wa pili. Waliokuwa wakimtazama Tadjiddine kwa chuki wakamgeukia Morvan, na askari mmoja akaliweka debe lake la mafuta chini polepole, kama vile halikuwa lake.

Morvan alipiga hatua mbili. Kofi lake halikuupata uso. Lilipata mkono. Bomba likaruka, likapasuka juu ya jiwe, na mchanga ukainywa damu yote.

"Ushahidi wako uko wapi sasa?"

"Uko kitandani," alisema Tadjiddine. "Kuna meli ya abiria bandarini, na ina daktari wake. Mwite aje aangalie mwili. Hanijui mimi, wala hajaoa kwenu. Kama ataona tauni ndani ya nyumba hii, nifute. Usinifanye daktari, usinifanye hata mfagizi."

Hili alilirudia kwa Kimalagasi, na watu wakalipigia kelele. Ndani ya nyumba hii! Wote walilisikia.

Morvan aliwahesabu watu kwa macho, akawahesabu askari, hesabu haikumpendeza.

"Vema," alisema. "Ataletwa. Na asitoke mtu."

Akaondoka na gari lake, vumbi likabaki linaning'inia njiani.

Kwa muda mfupi nyumba ile ilisahau msiba. Mzee Ahamada alimletea Tadjiddine maji kwa mkono wake mwenyewe ya kuosha jeraha. "Mwanangu," alimwita. Hakuwahi kumwita hivyo tangu posa ilipopelekwa. Bi Hadjira peke yake ndiye aliyekaa pembeni, kampa mwanawe mgongo, anautazama ukuta kana kwamba anaiona Nosy Be ikizama.

"Tadji. Njoo."

Ni Ramlati, kwenye kijumba cha jikoni, uani nyuma. Alikuwa ameketi juu ya kigoda, vazi lake la shiromani kajizungushia hadi kidevuni. Tadjiddine aliposogea, akamwonyeshea kiganja asimame.

"Wewe ni daktari au mchumba?"

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi nataka daktari."

Akaliteremsha vazi begani, akainua mkono wa kulia kwa taabu.

Kwapani palikuwa na mtoki. Ulikuwa mkubwa kama yai la kuku, mwekundu, na ngozi kuuzunguka ilikuwa inang'aa. Tadjiddine hakuhitaji hata kuugusa. Aliugusa. Ramlati aliuma mdomo, na joto la mwili wake likamchoma vidole.

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Nilidhani ni uchovu wa kumwinua kaka. Kisha nikajua. Nikasema, azikwe kwanza."

Ghalani nyuma ya jiko, tangu wiki iliyopita, panya walikuwa wakifa. Yeye ndiye aliyewafagia. Alimwambia na hilo pia, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza alichopika.

Tadjiddine aliketi chini. Tauni! Aliikana mbele ya mji mzima, na muda wote ule ilikuwa imesimama mlangoni ikimwombea kwa baba yake.

"Umesema mbele ya watu wote hakuna tauni ndani ya nyumba hii," alisema Ramlati.

"Nimesema."

"Basi nyamaza mpaka Msa azikwe. Ni mchana mmoja tu."

"Hospitali kuna dawa ya kudunga. Ukiipata mapema unaweza kupona. Ukingoja..." Hakuimaliza. "Na humu ndani yumo baba yako. Yumo mama yangu. Wamo majirani wameshikana mabega."

"Ukisema, Morvan ameshinda. Ndugu yangu atakwenda kwenye chokaa, na Ledoux atasema, si mliona? Hilo ndilo unaloniponyea?"

Kabla hajajibu, gari lilinguruma njiani, na watu wote wakamwagikia uani.

Morvan alirudi na askari zaidi, na pamoja naye Mzungu mmoja kijana mwenye ndevu nyekundu, mkoba mkononi, akikodoa macho kwenye jua. Huyo ndiye daktari wa meli. Morvan alitembea kama mtu anayekuja kumaliza kazi ndogo. Alisimama langoni, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote:

"Kabla mwenzangu hajaingia. Kuna mgonjwa ndani?"

"Hakuna!"

Alikuwa Bi Hadjira. Alikuwa amesimama kizingitini, kichwa juu. Alimtazama mwanawe, na macho yake yalisema kwamba ameona yote kule jikoni. Aliyetaka anyamaze ili apate kazi, sasa alitaka anyamaze ili abaki hai.

"Sikukuuliza wewe," alisema Morvan. "Namwuliza daktari wetu."

Watu wote walimgeukia Tadjiddine. Mzee Ahamada alikuwa akimwitikia kwa kichwa, akimtia moyo, maskini, hajui lolote.

"Yuko mmoja," alisema Tadjiddine.

Hakuna aliyeelewa. Akasema tena, kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kimalagasi.

"Msa ameuawa kwa teke. Dada yake ana tauni. Yote mawili ni kweli. Naomba yote mawili yaangaliwe."

Mzee Ahamada alimfikia kabla ya askari. Hakumpiga. Alimtemea mate usoni, juu ya kidonda alichomletea maji ya kukiosha, akasema, "Nilikuita mwanangu."

Kundi likachafuka. Waliompigia kelele za shangwe sasa walirudi nyuma, wakivuta watoto wao, wakimlaani yeye, Mzungu, na nyumba yote. Morvan alitanua mikono.

"Mmemsikia wenyewe. Tauni imo. Mtoeni msichana apelekwe karantini. Kisha chomeni."

"Ngoja," alisema daktari wa meli. "Mimi nimeitwa kuangalia maiti. Niingie niione."

"Utaona majivu yake."

"Bwana Morvan, hiyo si..."

*Kwa!*

Ulikuwa mlio wa mbao juu ya mbao. Mlango mkubwa wa nyumba ulikuwa umefungwa, na komeo limeangushwa kwa ndani. Bi Hadjira, aliyesukumwa nje na Ramlati aliyepitia mlango wa nyuma na kuufunga pia, alikuwa ameanguka ngazini. Wengine wote walikuwa uani. Ndani alibaki mmoja aliye hai na mmoja aliyekufa.

"Ramlati!" Tadjiddine aliuvamia mlango kwa bega. "Fungua! Dawa iko mjini, kila saa ina maana! Fungua!"

Sauti yake ilitoka karibu sana, kama vile paji lake la uso lilikuwa limegusa ubao upande wa pili.

"Mwambie huyo mgeni aje peke yake amwangalie kaka yangu, aseme alichokiona, watu wasikie. Nitamfungulia yeye tu; akishasema nitatoka, nikafie popote wanapotaka. Bila hivyo sifungui, Tadji. Hata kwako."

Tadjiddine aligeuka. Daktari wa meli alikuwa ameshaanza kuja, mkoba kifuani, akiwapita askari ambao hawakujua wamzuie au wampishe.

Morvan hakumtazama. Alimwendea yule askari aliyekuwa ameliweka debe chini, akaliinua mwenyewe, akamwagia mafuta kizingiti chote cha mlango, hadi kwenye viatu vya mwanafunzi wake. Kisha akapapasa mfukoni, akatoa kibiriti.

"Ondoka hapo, kijana," alisema kwa upole.

Tadjiddine aliubandika mgongo wake kwenye ule mlango, akatanua mikono. Njiti ikawaka.